Shajara ya seva ya nyumbani: diski, bekapu na unit za LUKU

Januari, mwanzoni

Naandika huu mradi tokea mwanzo ili kila uamuzi uwe na sababu yake, maana haya mambo ukiyarudia baada ya mwaka hukumbuki tena kwanini ulichukua diski hii ukaacha ile. Ninachotaka ni seva moja ndogo ya nyumbani, hapa Tabata, ibebe filamu, muziki, picha na video za familia, TV ya sebuleni na simu za watu wote zisome humo kwa Jellyfin (programu ya kurusha filamu na muziki toka kwenye seva), iwake usiku na mchana bila kelele, na vile vitu ambavyo vikipotea ndo basi tena viwe na bekapu ya kweli kweli.

Wengi wakianza seva wanauliza tera ngapi, yaani nafasi ya diski. Mi nauliza wati ngapi kwanza. Kitu kinachowaka saa 24 siku 30, kila wati moja ni unit 0.72 kwa mwezi, kwa iyo wati 10 ni unit 7.2, na wati 65, ambazo desktop ya zamani, lile CPU kubwa la kukaa chini ya meza, linaweza kula likiwa limekaa tu halifanyi kitu na diski mbili za inchi 3.5 ndani, ni unit karibu 47. Nyumba yetu iko tarifu ya D1, ile ya wasiozidi unit 75 kwa mwezi, unit moja inatoka kama shilingi 122 ukiweka na makato yote, tunapikia gesi na friji ni dogo kwa iyo tunacheza kwenye unit 62 hivi. Ukizidi 75 zile za juu zinakatwa bei kubwa, na ukizoea kuzidi unahamishiwa T1 ambako unit ni kama 356, ndo ile elfu kumi unapata unit 28.

Sasa piga hesabu. Bila seva, unit 62 kwa 122 ni kama 7,600. Nikiweka lile CPU tunafika 109, tunahamishwa T1, na hapo hata unit za friji na feni ambazo zilikuwa za bei rahisi zinapanda zote, inakuwa kama 38,700 kwa mwezi. Nikiweka mashine ya wati 11 tunafika 70, tunabaki D1, tunalipa kama 8,500. Tofauti ni elfu thelathini kila mwezi, laki tatu na sitini kwa mwaka, hiyo ni hela ya kununua seva yenyewe. Kwa iyo desktop ya bure niliyopewa na jamaa haikuwa ya bure hata kidogo, nikamrudishia kwa heshima zote.

Kwa asiyekuwa na kipima wati cha kuchomeka ukutani: angalia mita yako, pembeni ya kile kitaa chekundu kinachokonyeza imeandikwa idadi ya mikonyezo kwa unit moja, yangu ni 1000. Zima kila kitu ndani ya nyumba, washa kimoja tu, alafu chukua simu uhesabu sekunde kati ya mkonyezo na mkonyezo. 3600 gawanya kwa hizo sekunde, jibu ndo wati. Kikikonyeza kila dakika moja hicho kitu kinakula wati 60, kikikonyeza kila dakika sita ni wati 10. Ukitumia mita ya 1600 weka 2250 badala ya 3600. Fanya mchana familia ikiwa imetoka, la sivyo utagombana na watu kuhusu friji.


Januari, katikati: mashine

Nilizipima njia kadhaa kabla ya kwenda Kariakoo.

Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya bodi moja, nilianza nayo maana kila mtu anaisifia kwa umeme, na kweli inakula kidogo, lakini ukishanunua bodi, adapta yake, kesi, feni na memori kadi, kwa bei za hapa unakuwa umeshaikaribia bei ya mini PC (kompyuta ndogo ya mezani) ya mtumba. Alafu Pi 4 inatoa ampea 1.2 tu kwa USB zote kwa pamoja, diski moja ya inchi 2.5 ikiwa inaanza kuzunguka inaweza kutaka ampea nzima, mbili zikianza pamoja umeme unashuka na diski zinajitoa zenyewe. Na Pi 5 haina kifaa cha ndani cha kuenkodi (kubana) video, kwa iyo TV ikikataa faili na Jellyfin ikabidi itranskodi, yaani iigeuze video iwe aina inayokubalika, kazi yote inabebwa na prosesa.

Zile NAS (maboksi ya diski ya kukaa kwenye mtandao wa nyumbani) za kununua zimekamilika, za nafasi mbili, nzuri sana kwa mtu asiyetaka kuhangaika, ila ukiweka diski mbili za inchi 3.5 unacheza kwenye wati 15 mpaka 20, na bei ya boksi tupu bila diski inanunua mini PC na chenji inabaki. Mini PC yenye N100 ya Intel ningeipenda, ni prosesa ya 2023, ina kori nne na inakula kidogo sana, lakini hapa mjini niliyoipata bei yake ilikuwa mara mbili ya mtumba.

Laptop ya mtumba yenye kioo kilichovunjika niliifikiria zaidi ya zote. Inakula wati chache, na betri yake ni UPS tayari, umeme ukikatika haitetereki. Kilichonirudisha nyuma ni joto. Betri ya lithiamu ikikaa asilimia 100 mwaka mzima kwenye chumba cha Dar inavimba, nimeshaona zinavyonyanyua kibodi juu, na seva yangu itakaa kwenye kabati la TV chumba ambacho watoto wanalala jirani. Kwa mwenye laptop inayokubali kuwekewa kikomo cha chaji asilimia 60 au 80, mi ningemwambia aichukue bila kusita.

Nikaenda Kariakoo kutafuta HP EliteDesk 800 G3 Mini, ile ndogo ya kukaa nyuma ya kioo. Cha kuangalia hapo ni herufi moja: i5-7500T, hiyo T ndo prosesa ya wati 35, kuna wenzake wasio na T ambao ni wa wati 65 na adapta yao ni kubwa zaidi. Kizazi cha saba cha Intel nilikitaka makusudi kwasababu Quick Sync yake, kile kipande cha kushughulikia video, inafungua HEVC (aina ya kubana video) ya biti 10, kizazi cha sita kinaishia biti 8, na video nyingi za siku hizi ni biti 10.

Jamaa wa duka akaniambia "kaka hii imetoka ofisini Ulaya, haina shida yoyote, beba tu." Nikamwambia sawa kaka ila ngoja niipime hapa hapa, akanipa kioo na kibodi bila neno. Nilikuwa na flashi yenye Debian laivu, yaani Linux inayowaka toka kwenye flashi yenyewe. Kwanza F10 kuingia BIOS (mipangilio ya mashine yenyewe), kuangalia kama haijafungwa kwa paswedi ya ofisi ilikotoka, hili ni muhimu kuliko mkwaruzo wa kesi maana mashine za ofisi nyingi zinafungwa na kuifungua ni kazi. Alafu humo humo nikaitafuta sehemu ya umeme ukirudi, nikaiweka ijiwashe yenyewe. Nikawasha Debian, smartctl (programu ya kusoma afya ya diski) kwenye SSD yake ya 256GB, ilikuwa imefanya kazi saa elfu kumi na kitu na imebakiza uhai asilimia 80 na zaidi, safi. Nikachomeka kila tundu la USB, moja la mbele lilikuwa limelegea, akanipunguzia elfu ishirini. Nimeipata kwa laki tatu na kitu, RAM 8GB, adapta yake halisi ya wati 65.

Nyumbani, Debian bila desktop, Jellyfin juu yake, powertop ikapanga mipangilio ya kuokoa umeme: wati 7 ikiwa imetulia. Mkonyezo wa mita ulikuwa unakuja baada ya dakika nane na nusu hivi, nikakaa na stopwochi mpaka nikaridhika.


Januari, mwishoni: diski

Hapa ndo nimekaa sana na ndo penye maneno mengi.

Diski ya inchi 3.5 inakupa tera nyingi kwa hela kidogo, hilo halina ubishi. Lakini inakula wati 3 mpaka 8 ikizunguka tu, ikianza inavuta zaidi ya 20 kwa sekunde chache, na inahitaji volti 12 kwa iyo lazima iwe na adapta yake peke yake, ambayo nayo inapoteza kidogo. Ya inchi 2.5 inakula wati moja na nusu hivi, inaishi kwa umeme wa USB peke yake, haina kelele. Kikomo chake ni 6TB, na hizo kubwa zina unene wa milimita 15 kwa iyo hazingii ndani ya mini PC, zinakaa nje kwenye kesi yake ya USB. Kwa mzigo wangu 4TB inatosha na kubaki, nikaamua inchi 2.5 moja ya nje.

Watu watasema hizo kubwa za inchi 2.5 ni SMR, na ni kweli. SMR ni pale njia za data kwenye sahani zinapandiana kama makuti ya paa, kuti la juu linafunika nusu ya la chini, ndo maana zinaingia nyingi. Kusoma hakuna shida, unapita juu unasoma. Shida ni kuandika katikati, ukitaka kubadili kuti moja itabidi uinue yote yanayolifuata alafu uyapange upya, kwa iyo ukiandika sana hovyo hovyo diski inaanza haraka alafu inashuka mpaka unadhani imekufa. Kwenye RAID, yaani diski kadhaa zinazofanya kazi pamoja kama moja, hasa ZFS (mfumo wa kupanga faili), hilo ni balaa, mwaka 2020 Western Digital walilazimika kukubali kwamba baadhi ya WD Red walizokuwa wanauza kwa ajili ya NAS zilikuwa SMR, na watu waliokuwa wanajenga upya RAID zao ndo walioumia, tangu hapo kukawa na WD Red Plus ambazo ni CMR, njia zake hazipandiani. Lakini mi siweki RAID. Filamu inaandikwa mara moja inasomwa miaka. Kwa kazi hiyo SMR haina neno, data ya Jellyfin yenyewe, ile inayoandikwa kila dakika, nimeiweka kwenye SSD ya ndani.

Kwanini siweki RAID: RAID inakusaidia diski ikifa seva iendelee kuwaka. Haikusaidii mtoto akifuta folda, haikusaidii radi, haikusaidii mwizi, maana kilichofutwa huku kinafutwa na kule sekunde hiyo hiyo. Sisi tukikosa TV ya seva siku mbili hakuna anayekufa. Hela ya diski ya pili bora iende kwenye bekapu, ambayo tena haikai ikiwaka. SnapRAID, programu ya kulinda diski nyingi kwa diski ya ziada, pia niliiangalia, inafaa sana kwa mtu mwenye diski nne au tano za filamu zisizobadilika, kwangu mwenye diski moja haina pa kushika.

Kitu kingine kabla ya kununua ya nje: baadhi ya diski za nje za inchi 2.5 tundu la USB limeunganishwa moja kwa moja kwenye bodi ya diski, hakuna SATA, lile tundu la kawaida la diski, ndani. Tundu likivunjika, na matundu yale membamba ya micro-B yanavunjika, huwezi kuitoa ukaichomeka kwingine, mpaka fundi mwenye mkono mzuri wa kuchomelea. Nikachagua aina ambayo ndani ni diski ya SATA ya kawaida na bodi ndogo ya USB inayochomoka.

Na hizi "SSD za nje 16TB" za elfu sitini elfu sabini. Jamaa yangu aliniletea yake niipime kabla hajaijaza picha za studio yake. Kompyuta inaiona kweli ni 16TB. Nikaendesha f3write, ambayo inaandika faili za giga moja moja, nikaiwekea iishie faili ya 200 maana 16TB tungekesha wiki, alafu f3read izisome. Mpaka faili ya 58 ni safi, kuanzia hapo zote zimeharibika, kila mstari unatoka sifuri. Ndani yake ni memori kadi ya 64GB iliyodanganywa ukubwa. Hatari yake ni kwamba majina ya faili yote unayaona, ukubwa unauona, unaondoka na amani kabisa na vilivyomo havipo. Kifaa chochote cha kuhifadhia, kiwe kipya kiwe cha mtumba, kipimwe kwa kukijaza na kukisoma tena, hamna njia ya mkato.

Ya kwangu ya 4TB nikaipitisha badblocks ya kuandika. Inaandika na kusoma diski nzima kwa mifumo minne, ni kazi ya siku kadhaa mfululizo, kwenye SMR ndo zaidi kidogo, nikaiacha iende. Kabla na baada nikaangalia smartctl, na kwa USB inabidi uongeze -d sat ndo ijibu. Namba ninazozitazama ni tatu: 5, ya sekta zilizohamishwa, 197, ya sekta zinazosubiri, na 198, zilizoshindikana kusomeka. Zote sifuri kabla, zote sifuri baada. Namba 199 ikipanda hiyo mara nyingi ni waya, badilisha waya kabla hujaitupa diski. Joto lilifika nyuzi 47 kwenye badblocks, kwa Januari ya Dar nimeridhika, ila nimeitoa nyuma ya TV nikaiweka pembeni penye hewa.

Diski ilikuja imepangwa kwa exFAT. Nimeifuta nikaweka ext4, mpangilio wa faili wa Linux. exFAT haina jono, yaani daftari la mabadiliko yanayoendelea kuandikwa, umeme ukikatika katikati ya kuandika unaweza kukuta folda nzima haisomeki, na huku umeme unakatika bila hodi.


Februari: nini kinastahili bekapu

Hili swali ndo lililopunguza gharama kuliko yote. Nilikaa na mke wangu tukapitia kila folda tukiuliza kitu kimoja tu: hiki kikipotea leo, tunaweza kukipata tena? Si "tunakipenda kiasi gani", hapana, kinapatikana tena au hakipatikani.

Filamu nilizozitoa kwenye DVD zangu, DVD zipo kabatini, zikipotea nitakaa weekend nazitoa tena. Hakuna bekapu, ila orodha ya majina yote ninayo, faili dogo la maandishi. Katuni za watoto, hakuna bekapu. Muziki mwingi, hivo hivo.

Picha za simu, video za harusi yetu, kanda za MiniDV za shemeji ambazo kila saa moja ni 13GB, VHS za harusi ya mama mdogo, hizo zote ndani. Na kanda za kaseti za marehemu baba akisoma maulidi Tanga, hizo ndo za kwanza kabisa kwenye orodha, kanda yenyewe imeanza kuachia unga wa kahawia kwenye kichwa cha redio, nikishaitoa mara moja sitaki kuichezesha tena. Ninazozitoa nazihifadhi kwa FLAC (faili la sauti lisilopoteza ubora), giga chache tu zote.

Kundi lililotushangaza ni filamu za Kibongo za miaka ya 2000 tulizonunua kwenye meza za barabarani. Nilikuwa nimeziweka kwenye "zinapatikana tena" pamoja na DVD nyingine, mke wangu akauliza zinapatikana wapi? Kweli, nimezunguka, nyingi hazipo dukani, hazipo kwenye programu za kulipia, na DVD zile zenyewe za bei rahisi uso wa chini umeanza madoa. Zimehamia kundi la kutunzwa. Mwenye hizo filamu ndani azitoe mapema jamani, hii ni kumbukumbu yetu wote na iko kwenye plastiki inayooza.

Jumla ya vya kutunzwa: kama 400GB, kati ya karibu tera mbili zilizopo. Bekapu ya 400GB haihitaji diski mpya, inaingia kwenye diski za laptop za 1TB ambazo kila mtu aliyehamia SSD anayo kwenye droo. Nimepata mbili, moja yangu moja ya kuomba, zote zimepita smartctl na badblocks. Ya tatu niliyoletewa ilikuwa na 197 inasoma 16, nikaikataa.


Februari, mwishoni: bekapu yenyewe

Programu ya kubekapu ni restic. Sababu zake: inafunga kila kitu kwa paswedi, haiandiki mara mbili kitu ambacho tayari inacho, na kila ukiiendesha unapata picha ya siku hiyo, yaani nakala ya faili zote zilivyokuwa, kwa iyo mtu akifuta folda leo tukagundua baada ya miezi miwili, bado ipo kwenye picha za nyuma. rsync (programu ya kunakili folda) ya kawaida yenye delete ingebeba na kufutwa kwenyewe.

Diski ya kwanza inakaa hapa nyumbani kwenye droo ya chumbani, haichomekwi mpaka Jumamosi. Nachomeka, inabekapu, nachomoa. Ikiwa kwenye droo inakula wati sifuri na radi haiioni. Hii ya mwisho siisemi kwa kutisha, mvua za masika zikija nyumba za mtaani kwetu zinaunguza vitu, na diski iliyochomekwa kwenye seva inaungua na seva.

Ya pili imekwenda Tanga kwa dada. Nimeibeba kwenye basi imezungushiwa kanga ndani ya begi la mkononi, si kwenye buti. Dada akauliza, "mdogo wangu, hii ndo ya kukaa tu kabatini nisiiguse?" Nikamwambia ndiyo dada, weka juu mbali na maji na watoto, nikija Idi nabadilishana nayo. Kwa kuwa imefungwa, hata ikipotea au mtu akiichukua hapati kitu. Lakini hapo hapo ndo pa kuwa makini: paswedi ya restic ikipotea hakuna wa kuifungua, hata waliotengeneza programu. Imeandikwa kwenye karatasi mbili, moja anayo mama kwenye mfuko wa hati zake, na imeandikwa na maelezo ya Kiswahili ya namna ya kufungua, ili nisipokuwepo mimi mtu mwenye kuelewa kompyuta kidogo aweze.

Kwenye mtandao nimeweka kidogo tu. Bei ya Backblaze B2, huduma ya kuhifadhi faili mtandaoni, nilipoiangalia ilikuwa dola 6 kwa tera kwa mwezi, kwa iyo 400GB ilikuwa dola 2.4, sio mbaya, shida ni kupandisha. Laini yangu ikipandisha Mbps 10 kwa kweli, 400GB ni karibu siku nne mfululizo bila kupumzika, na bando langu lina kikomo. Nimepandisha sauti za baba na picha, giga kama 40, usiku usiku, restic inaendelea ilipoishia. Hizo sasa ziko sehemu nne.


Machi, kabla ya masika: umeme kukatika

Seva bila UPS ingeweza kuishi, ext4 inajirekebisha, BIOS inawasha mashine umeme ukirudi. Wasiwasi wangu ni ule umeme unaorudi kwa kushtuka, unawaka unazima unawaka, diski inaanza kuzunguka inakatwa tena na tena. Nimechukua UPS ya 650VA, betri ndani ni ya risasi volti 12 ampea-saa 7, na nimeunganisha USB yake na seva kwa programu ya NUT, betri ikishuka seva inajizima kwa utaratibu.

Jambo ambalo halisemwi dukani: UPS yenyewe inakula. Hii niliipima ikiwa haina kitu kimechomekwa, wati 6, yaani karibu sawa na seva nzima! Unit 4.3 kwa mwezi. Seva na diski ni wati 9 ikitulia, jumla 15, ni unit 10.8, tunafika karibu 73, chini ya 75 lakini pembamba mno, mwezi wa joto feni zikizidi tunavuka.

Nikazunguka nyumba na kipima wati nikitafuta pa kurudisha. King'amuzi! Kikiwa standby na kile kitaa chekundu tu, wati 9, karibu sawa na kikiwa kinaonyesha. Kwetu kinatazamwa jioni tu, kwa iyo sasa kina swichi yake, saa 16 kwa siku kimezimwa ukutani, unit 4.3 zimerudi. Zimelipa UPS yote. Diski nayo nimeiwekea hdparm izime baada ya nusu saa bila kazi, -S 241. Siiweki dakika tano kama wengine, kuzima na kuwasha kila saa kunachosha diski kuliko wati moja unayookoa.

Routa pia iko kwenye UPS, kwa iyo umeme ukikatika intaneti haikatiki, hilo ndo limefanya nyumba nzima iipende seva kuliko filamu zenyewe.


Machi, mwishoni: kurejesha

Bekapu ambayo haijarejeshwa siihesabu. Nimechukua laptop ya mke wangu, ambayo haijawahi kuiona seva, nikaweka restic, nikachomeka diski ya droo, nikafuata karatasi ile ile aliyonayo mama, neno kwa neno, bila kutumia ninachokijua kichwani. Hatua ya tatu ya maelezo ilikuwa haisemi diski inaonekana kwa jina gani kwenye Windows, na diski ni ext4 ambayo Windows peke yake haiisomi. Hilo nimelitatua hivi: diski zote mbili za bekapu zitakuwa na sehemu ndogo ya FAT32 yenye maelezo, programu ya restic ya Windows na ya Linux, na sehemu ya data nimeibadilisha iwe NTFS ambayo Windows na Linux zote zinaisoma. NTFS ina jono, na diski hizi zinachomekwa kwa muda mfupi tu, inatosha.

Nikarejesha folda ya harusi na kaseti mbili za baba. Zimecheza. Alafu restic check yenye kusoma sehemu ya data, kila Jumamosi fungu moja kati ya kumi kwa zamu (1/10, kisha 2/10), kwa iyo kila baada ya wiki kumi hivi nakuwa nimeisoma diski yote.


Aprili: ilipofika

Mwezi uliopita LUKU imetoka unit 71. Tumebaki D1.

Gharama kwa ujumla: mashine laki tatu na kitu, diski ya 4TB kama laki nne kasoro, UPS laki na kitu, diski za bekapu na kesi zake mbili za USB elfu thelathini. TV inasoma faili nyingi moja kwa moja bila kutranskodi, hapo seva inakula wati 11. Ikitranskodi inapanda mpaka 25, inatokea mara chache, hasa simu ya mtoto ikitaka ubora mdogo akiwa nje.

Bado: maelezo mapya ya NTFS yapelekwe Tanga na diski ya kubadilishana, karatasi ya mama ibadilishwe. Kaseti za baba zimebaki upande B wa tatu, redio ya fundi ya kuzitolea nairudishia wiki hii kwa iyo hizo ndo zinaenda kwanza, VHS za shangazi zitafuata. Betri ya UPS nimeandika tarehe juu yake kwa maka peni, kwa joto letu baada ya miaka miwili mitatu nitaipima upya nione inashikilia dakika ngapi.